Msikiti wa Mzee Aksel

Wafula alinipigia simu nikiwa nimetoka kuswali adhuhuri, na sauti yake haikuwa ile ya kutania. "Maalim," akasema, "yule buda wetu ameenda. Binti yake amenitumia ujumbe." Sikuuliza buda gani. Miaka yote tuliyofanya kazi Doha tulikuwa na mabosi wengi, lakini wa kuitwa wetu alikuwa mmoja tu: Mzee Aksel, msanifu majengo kutoka Denmark, niliyekuwa dereva wake kwa mwaka mmoja. Nilirudi nikakaa kwenye mkeka. Dini yangu imeniwekea mipaka ya dua kwa mtu aliyekufa nje yake, nami si mtu wa kuiruka mipaka kwa sababu moyo umelainika. Mambo ya ndani ya mtu anayajua aliyemuumba. Lakini kushukuru sikukatazwa, na siku ile nilimshukuru Mola kwa kunikutanisha na mzee yule, mpaka chai niliyowekewa ikapoa. Haya ninayoyaandika ni sehemu ya shukrani hiyo.

Nyumba yetu ilikuwa Al Thumama, enzi ambazo uwanja mpya wa ndege ulikuwa bado mchanga na makreni. Ilikuwa ya kafili wetu, yaani mdhamini aliyetuajiri, Abu Khalid, mtu wa makamo mwenye adabu na haraka. Chumba cha madereva kilikuwa kando ya geti: vitanda viwili, mazulia mawili yasiyofanana, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Kitanda cha dirishani kilikuwa changu, kwa sababu ya kuamka alfajiri. Cha ndani kilikuwa cha Wafula, Mkenya wa Bungoma, mlinzi wa geti, Mkristo aliyeimba nyimbo za kwao akipiga pasi sare yake. Jikoni alikuwepo Bi Saada, mwanamke wa Unguja aliyetuzidi umri na hakuturuhusu kusahau. Mimi nilikuwa nimepita thelathini kidogo. Waliniita Maalim kwa kuwa nilisoma chuo cha Kurani tangu utotoni mpaka nikafundisha. Wafula aliliita jina hilo kwa mzaha, Bi Saada kwa heshima, na mimi niliitika kwa wote wawili.

Mzee Aksel alikuja kukaa humo joto lilipoanza kupungua. Alikuwa anakaribia themanini, mrefu, nyonga yake ya kulia mbovu, akitembea kama mtu anayepanda ngazi zisizoonekana. Jambo la kwanza alilofanya ni kutuomba mimi na Wafula tuyatoe makochi yote ya sebuleni, yale yenye nakshi za dhahabu, tuyapeleke gereji. Sebule ikabaki na meza moja, taa moja na yeye. La pili ni kwamba alikuja kula jikoni. Bi Saada alisimama na mwiko mkononi. "Maalim, mwambie bwana mkubwa jikoni hapaliwi na bwana mkubwa. Mezani nimeshamtandikia." Nikamwambia kwa Kiingereza. Mzee akajibu kwamba ametumia maisha yake kuchora meza za kulia, na hajapata kuona watu wanakula kwa raha popote kama karibu na sufuria. Bi Saada akasikiliza tafsiri, akavuta kiti. "Basi na akae. Lakini asiniguse sufuria."

Hivyo mwaka ule wote tulikula wanne, mchana, mlinzi mwenzake Wafula akiwa ameshika geti. Wali wa nazi, mchuzi wa changu, maharage ya Wafula siku Bi Saada akiumwa kichwa. Mzee alikuwa na chupa zake za samaki wa siki alizoletewa kutoka kwao. Bi Saada alinusa chupa moja akairudisha mezani taratibu. "Mie sisemi neno juu ya chakula cha mtu. Ila samaki huyu, yakhe, hakufa kwa amani." Nilipomtafsiria, mzee alicheka mpaka akashika nyonga. Ni hapo, juu ya sahani, tulipoyajua maisha yake, vipande vipande, kama mtu anavyotoa vitu sandukuni. Alianza kama fundi seremala, katika miaka ya vita ambapo mbao njema zilikuwa adimu, na ndiyo maana, alisema, hakuwahi kujifunza kupamba, alijifunza kupunguza. Kisha akasomea usanifu. Alichora shule, wodi za hospitali, ukumbi wa mji, kanisa, na kila alichokijenga alikichorea mpaka vitasa, taa na vijiko. Mke wake alikuwa mfumaji. Yeye alichora kiti, mke akafuma sehemu ya kukalia, na kiti hicho kikaenda kila mahali duniani. Mke alikuwa amefariki miaka michache kabla. Alipomtaja hakusema "marehemu". Alisema jina lake tu, akaendelea kula.

Kiti hicho nilikiona mwenyewe. Nilimpeleka hoteli moja ya ufukweni kuonana na mhandisi wa Abu Khalid, na ukumbini kulikuwa na safu nzima ya viti vya namna ile. Mzee akasimama, akakizunguka kimoja, kisha akakipindua miguu juu na kuanza kukipapasa chini. Mlinzi, kijana wa Kiganda, akanijia mbio. "Ndugu, mwambie mzee wako aache kiti. Meneja akimuona, mimi ndio nitaulizwa."

"Ni kiti chake," nikamwambia.

"Amekinunua?"

"Amekibuni."

Kijana akakitazama kiti, akamtazama mzee. "Basi akibuni kikiwa kimesimama."

Viti vile vilikuwa vya kuiga. Mguu wa nyuma, mzee alisema, ulikuwa umesogezwa, na siku moja mtu mnene ataanguka. Nilidhani atakasirika. Alikigeuza, akakaa, akafumba macho kidogo, akasema watu wanakaa, na hilo ndilo kiti kinatakiwa kufanya. Leo nami umri ukiwa umesogea namwelewa zaidi. Wakati ule niliona ajabu tu kwamba mtu anaweza kuibiwa mbele ya macho yake akaridhika kwamba kilichoibwa kinafaa.

Sababu ya kuja kwake ilikuwa msikiti. Abu Khalid alikuwa na shamba Umm Salal, mitende na mabanda ya mboga, na alitaka kujenga pale msikiti mdogo kwa ajili ya marehemu mama yake, wafanyakazi wa shamba na majirani waswali. Alikuwa ameliona lile kanisa la Mzee Aksel kwenye picha alipokuwa masomoni Ulaya, na picha ile ilimkaa moyoni. Mzee alikubali, na alitwambia wazi jikoni kwamba hili litakuwa jengo lake la mwisho. Madaktari wa kwao walimtaka arudi apasuliwe nyonga, na baada ya hapo hakutegemea tena kusimama mchangani. Lakini wiki zilipita bila kuchora hata mstari. Abu Khalid aliniuliza kwa simu, kwa adabu, halafu kwa adabu iliyopungua. Mwisho nikamuuliza mzee mwenyewe.

Aliweka kijiko chini. Alisema ana kanuni moja tangu ujana: hachori chumba mpaka afanye ndani ya chumba cha namna hiyo kile kinachofanywa humo. Kabla ya kuchora wodi alilala kwenye kitanda cha mgonjwa, akagundua kwamba mgonjwa haoni kuta, anaona dari. Kabla ya shule alikula na watoto. "Na kabla ya kanisa," alisema, "niliimba nao, nikapiga magoti, nikala mkate wao. Sikuwa naamini. Kanisa likatoka zuri, likapigwa picha dunia nzima. Na kila nikiliona, namuona yule mtu aliyepiga magoti ili apime urefu wa benchi. Sasa Abu Khalid anataka msikiti. Siwezi kuuchora bila kuweka paji la uso chini, na sitaliweka kwa uongo."

Bi Saada alitaka kujua anasema nini. Nikamweleza, na pengine uso wangu ulionyesha tumaini langu, kwa sababu nilikuwa nikimwombea mzee yule uongofu kila siku, na bado sioni aibu kulisema. "Maalim, wacha hizo," akasema Wafula. "Naona mahali unaelekea. Huyu buda ni wetu, sisi ndio tulikuwa wa kwanza kumjengea kanisa."

"Yeye ndiye aliyewajengea."

"Sawa, na hakuingia. Sasa wewe unadhani ataingia kwako kwa sababu ya wali wa nazi?"

"Nyote wawili," akasema Bi Saada, "mwacheni mzee wa watu amalize kula. Mngu ana njia zake, na hakuwapa nyie ufunguo."

Mzee alisubiri tumalize, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Ni kitu gani kinafanywa msikitini ambacho mtu kama yeye anaweza kukifanya bila kudanganya? Nikafikiri. Nikasema, kuvua viatu. Nilisema nusu kwa mzaha, lakini yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa anwani. Kuanzia kesho yake, kila alasiri, nilimpeleka kwenye msikiti wa mtaa wetu. Niliingia kuswali, naye aliketi nje, kwenye kiti cha plastiki, karibu na rafu ya viatu. Imamu alimzoea, watoto walimzoea. Mara nyingine nilitoka nikamkuta ameshika mkono wa mzee wa Kipakistani aliyekuwa akihangaika kuingiza mguu kwenye kiatu, wote wawili wazee, wote wakitafuta mahali pa kujishikiza, hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake. Mchoro wake wa kwanza wa msikiti ule haukuwa wa kuba wala mnara. Ulikuwa benchi la mlangoni, lenye kivuli na mkono wa mbao wa kushika, ili mtu avue viatu vyake akiwa ameketi na heshima yake.

Kutoka hapo mkono wake ulifunguka. Alichora ukumbi mzima, mdogo, mweupe, na kama alivyozoea hakuuamini mchoro. Alitaka kuuona kwa ukubwa wake wenyewe. Nilikwenda naye Industrial Area mara nyingi, katika karakana zile zenye vumbi la mbao na redio za Kihindi, tukanunua mbao, plaiwudi na kitambaa cheupe, na mafundi wawili wakatusimamishia Umm Salal msikiti wa majaribio, katikati ya mitende. Ukuta wa kibla aliupasua nafasi ndefu nyembamba kutoka juu mpaka chini, akaziba kwa kitambaa. Kwetu Doha kibla kinaelekea magharibi, kuteremka kidogo kusini, na katika majira ya baridi jua la alasiri huzama karibu upande huohuo. Alikuwa amelipigia hesabu jua lile kwa wiki nyingi. Katika nchi yake, alisema, jua ni mgeni. Likija, unalipa nafasi ya mbele.

Alasiri ile tulijipanga humo: wafanyakazi wa shamba kutoka Bangladesh, msimamizi wao Msudani aliyeitwa Idris, na mimi nikiwaswalisha. Mzee aliketi nyuma kabisa, nje ya safu. Nilipotoa salamu na kugeuka, nilimuona ameshika kamera, na uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa amepiga picha moja. Baadaye nilionyeshwa: vivuli vyeusi tii vya migongo ya watu, wameinama, na mbele yao nuru ya dhahabu imemwagika mpaka miguuni. Wallahi ilikuwa nzuri. Idris alisema inafanana na mlango wa pepo. Mhandisi, aliyekuwa safuni nasi, akaomba picha ile, akamtumia Abu Khalid papo hapo, na kabla hatujafika nyumbani Abu Khalid alikuwa amepiga simu, amefurahi kama mtoto, akisema ameshawaonyesha ndugu zake wote, na kazi ianze.

Siku ya pili mezani mzee aligusa wali kidogo tu. "Jana," akasema, "niliona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora. Halafu nikahesabu ni nani wengine waliokiona. Wote walikuwa wameinamisha vichwa. Kilionekana kutoka mahali pamoja tu, nilipoketi mimi, na mimi ndiye pekee niliyekuwa siswali." Akasukuma sahani. "Nimemchorea mtazamaji. Nimemchorea mpiga picha atakayekuja. Nimelijenga tena lile kanisa."

Wafula alijaribu kumfariji. "Mzee, lakini watu wamependa. Si uwaachie tu?"

"Mtu anayependa kitu hapaswi kuachiwa kosa langu," akajibu, na siku hiyohiyo aliufuta ule upenyo. Ukuta wa kibla ukawa mzima, mtupu, bila tundu wala pambo, na nuru akaipitisha juu, pembeni, kutoka nyuma ya watu. Tatizo ni kwamba Abu Khalid alitaka upenyo ule uwe dirisha, na dirisha alikuwa ameshawaahidi ndugu zake. Jengo la mwisho la maisha yake lilining'inia hapo. Akikubali dirisha, litajengwa na jina lake litasomwa. Akikataa, wako wengi wa kulichora kwa wiki moja.

Nilikuwepo majlis, sebule ya wageni ya Abu Khalid, siku walipokutana, nimeketi karibu na mlango pamoja na mtu wa kahawa, kwa sababu mzee alihitaji mkono wa kumwinua. Abu Khalid alizungumza kwa upole. Alisema mama yake alikuwa mtu wa nuru, alipenda madirisha, na dirisha lile lingekuwa kumbukumbu yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, mama yake alikuwa akiswali wapi.

"Chumbani kwake."

"Mahali gani chumbani?"

Abu Khalid akafikiri. "Pembeni ya kabati."

"Mbele yake kulikuwa na nini?"

Mtu wa kahawa alisimama na birika mkononi, hamimini. "Ukuta," akasema Abu Khalid.

Mzee hakuongeza neno. Nimekaa na wanazuoni wengi, na si wengi niliowaona wakishinda hoja kisha wakanyamaza. Lakini hakuwa ameshinda. Abu Khalid aliinuka, akasema atafikiri, inshallah, na kama ndugu zake watashikilia dirisha, basi atatafutwa mtu wa kulijenga, na Mzee Aksel atalipwa haki yake na jina lake litaondolewa. Mzee akasema ni sawa. Garini aliniuliza, "Tunafanya nini sasa?" Nikamwambia, tunasubiri. Akasema yeye hakufundishwa kusubiri. Nikamwambia mimi nimefundishwa, na kwamba kusubiri nako ni kazi, ina mwanzo wake na adabu zake. Akanitazama kwenye kioo. "Basi nisubirie na mimi," akasema.

Miezi ikapita bila jibu. Joto likarudi. Nyonga ikazidi, mpaka akawa hawezi kutoka kitandani bila mimi na Wafula, mmoja kila upande, Wafula akimsemesha, "Pole pole mzee, wewe ni mali ya serikali." Binti yake akaja kumchukua. Bi Saada alimpikia changu wa mwisho, akamfungia na chupa ya achari, akisema ajue chakula kilichokufa kwa amani kina ladha gani. Uwanja wa ndege, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mzee alinishika mkono. Alisema kama watajenga dirisha, nisimwambie. Kama watajenga ukuta, niswali kwanza humo, kisha nimpigie. Hakuniambia nimpigie nimwambie nini.

Nilihamishiwa kuwapeleka watoto wa Abu Khalid shule, na njia ya Umm Salal sikuipita kwa muda mrefu. Idris ndiye aliyeniambia, tulipokutana sokoni, kwamba Abu Khalid alikuja shambani mara kadhaa peke yake, bila dereva, akaingia kwenye ule msikiti wa plaiwudi ambao kitambaa chake kilikuwa kimeshachanika, akaziba upenyo kwa ubao, akaswali, akaondoka. Kisha mafundi wakaja. Mhandisi alilalamika kwamba wamepoteza picha nzuri kwa ajili ya ukuta. Sikujua Abu Khalid aliwaambia nini ndugu zake, na si juu yangu kujua.

Ulipokamilika nilikwenda alasiri. Kwenye benchi la mlangoni walikuwa wameketi wazee watatu, wanavua viatu na kubishana juu ya bei ya mbuzi, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nikavua vyangu, nikaingia, nikajipanga safuni. Baada ya swala nilikaa kidogo kwa nyiradi zangu, kisha nikatoka, nikaenda kwenye kivuli cha mitende na kumpigia simu Denmark. Aliitikia mwenyewe, sauti imepungua. Nikamwambia ni ukuta. Nikasikia pumzi zake. Kisha akauliza ndani kukoje, nuru inaangukia wapi, dari inaonekanaje, chokaa imekaa vizuri? Nilikuwa nimeingia, nimeswali, nimetoka.

"Nisamehe, mzee," nikamwambia. "Nimesahau kuangalia."

Nilimsikia akiiweka simu pembeni na kumwita binti yake, akimweleza kitu kwa lugha yao, taratibu, kisha akikirudia tena kana kwamba hakumsikia mara ya kwanza, na binti akacheka, na yeye akacheka, na mimi nilisimama chini ya mitende ya Umm Salal nikiwasikiliza, sikukata simu.